Kamongo wa Harusi ya Mama

Mpaka naanza kunyoa ndevu kwa wembe wangu mwenyewe, niliamini kwamba mama yangu hapokei komunyo kwa sababu aliwahi kula kamongo. Sikuamini kwa mbali, kama mtu anavyoamini utabiri wa mvua. Niliamini kama ninavyoamini kwamba kesho jua litachomoza. Aliyeniambia ni binamu yangu Masatu, naye alikuwa mtumishi wa altareni, mtu wa kanzu nyeupe na kengele mkononi, kwa hiyo habari ilitoka jikoni kabisa. Kwetu wanawake hawakuwa wanakula kamongo. Samaki yule, wanasema, ana maziwa kama ya mwanamke, na mwanamke akimla ni sawa na kumla dada yake. Sasa akishamla, alisema Masatu, ulimi wake unabaki na utelezi usiotoka maisha. Padri akimwekea hostia inateleza kama mlenda, inadondoka sakafuni, halafu inarudi altareni yenyewe, ikitambaa. Masatu aliona kwa macho yake mawili, na Padri alikimbia. Kibaya zaidi, mama hakula kamongo kwa ulafi. Alikula kwa sababu alikuwa na mimba, na mimba ile ilikataa nyama, ikakataa maziwa, ikakataa hata udongo wa kichuguu, ikataka kamongo tu. Mimba ile ilikuwa mimi.

Kwa hiyo kila Jumapili ilikuwa kesi yangu. Watu wakiinuka kwenda kupokea, mama alibaki kwenye benchi. Aligeuza magoti yake upande mmoja, akayabana, ili wenzake wapite. Walipita wote mbele yake: mabinti, vikongwe, mpaka yule mlevi wa karibu na lambo ambaye Jumamosi tulimvuta kutoka mtaroni. Wakirudi wameinamisha vichwa, mama aliyageuza tena magoti wapite. Mimi nilikuwa pembeni yake nikiangalia yale magoti yanavyokwenda na kurudi, na kanisa zima, nakuambia, mpaka mishumaa, lilikuwa linanitazama mimi niliyedai samaki tumboni.

Habari hii nimeisimulia miaka mingi kwa kuchekesha, na inachekesha. Mwaka jana tuliisimulia tena kwenye matanga ya mama, kijijini kwetu Butiama. Mama alikuwa amekufa vizuri, kama tunavyosema sisi tulio hai: mzee, kitandani, ameshakunywa uji. Alikuwa ameacha neno moja tu kuhusu kuzikwa, kwamba asilazwe upande wa baba, alazwe upande wa Mama Mkubwa, mke mwenzake. Tulifanya hivyo, ingawa wazee walikuna vichwa. Siku ya pili, wajukuu wakiwa wamekaa kwenye mikeka wamenuna kama mbuzi wa mvua, nikaona niwachangamshe. Nikasimulia kamongo. Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mjomba wangu Manyama, mdogo wake mama, aliyeletwa kutoka Bunda na fimbo yake na blanketi lake, hakucheka. Aliniangalia tu, na jinsi alivyoniangalia ndiyo imenifanya nikae niandike habari za mwaka ule, mwaka wa harusi.

Mwaka ule nilikuwa mtu wa Musoma. Mchana nilikuwa Mwigobero, soko la samaki kando ya ziwa, nafunga magunia ya dagaa kwa tajiri mmoja aliyekuwa na sauti ya meli, na jioni nilikuwa shule, Mukendo, kwenye darasa la watoto wa chekechea tuliloazimwa sisi wazee wa shule ya jioni. Viti vilikuwa vifupi kiasi kwamba magoti yalikuwa yanagusa masikio. Nilinuka dagaa, mwenzangu wa kushoto alinuka grisi, wa kulia alikuwa askari mgambo akinuka buti, na mwalimu alifundisha karibu na dirisha. Siku moja mwalimu wa baiolojia akatufundisha kwamba kamongo ana mapafu. Elimu ndiyo hiyo ingenitoa ujinga. Badala yake ikauzidisha. Nilirudi chumbani kwangu Buhare nikiwaza: kumbe anapumua kama sisi! Basi Masatu alisema kweli, ni dada wa mtu.

Hapo nyumbani tulikuwa na mama wawili. Mke mkubwa wa baba, tuliyemwita Mama Mkubwa, alikuwa Nyabise, binti wa pwani ya ziwa, kutoka vijiji vya wavuvi, naye hakujaliwa mtoto. Mama yangu, Veronika, alikuja baadaye akanizaa mimi na wadogo zangu. Nyumba zao zilitazamana, kuku wakishindwa kujua wao ni wa nani. Mama Mkubwa alikula kamongo bila haya yoyote, kwao walikuwa wanakula, na ndiyo maana, walisema watu, hakuzaa. Na ndiye aliyempikia mama wakati wa mimba yangu, alisema Masatu. Nilimpenda kwa sababu alinikuna mgongo vizuri kuliko mtu yeyote duniani, lakini chungu chake nilikipitia mbali. Kiangazi cha mwanzoni mwa mwaka ule Mama Mkubwa alikufa. Pasaka iliyofuata baba, Mzee Mafuru, mtu ambaye maisha yake yote aliingia kanisani kutafuta ndama aliyepotea tu, akabatizwa. Na ndoa yake na mama ikaanza kutangazwa.

Shangazi Wakuru, dada yake baba, aliyekuwa fundi cherehani pale Mukendo, ndiye aliyeniletea habari. "Mama yako anaolewa," alisema, sindano mdomoni. Nikauliza anaolewa na nani. "Na baba yako, mjinga wewe! Kanisani. Gauni nashona mimi." Ndipo nilipofahamishwa, kwa umri ule, kwamba mtu asiye na ndoa ya kanisani hapokei komunyo, na kwamba mume wa wake wawili hawezi kufunga ndoa ile mpaka abaki na mmoja. Nililichukua somo lile nikaliweka kichwani, lakini kamongo hakutoka. Walikaa pamoja humo ndani, yeye na somo, kama wapangaji wawili wasiosalimiana.

Nataka nieleze aibu niliyoipata. Mtu mzima, mwenye ndevu na daftari la aljebra, mama yake anaolewa! Harusi ni za vijana. Wenzangu wa darasani walikuwa wanatafuta wachumba, mimi naomba ruhusa kwa mwalimu kwenda kwenye harusi. "Ya nani?" akauliza mgambo. Ya ndugu. "Ndugu gani?" Wa kike. "Mkubwa au mdogo?" Mkubwa kiasi. "Ana watoto?" Anao. "Wangapi?" Nikajifanya nachonga penseli. Mgambo akacheka mpaka kiti cha chekechea kikavunjika, na sikuwa nimemwambia hata nusu.

Kisha Shangazi akaongeza neno lililonimaliza. "Mama yako amesema ukienda umpelekee kamongo. Wa moshi, mnene." Nikamwuliza wa nini. "Nitajuaje? Wa kula, labda. Kwani kamongo wanapandwa?" Fikiria hali yangu. Miaka yote hiyo mwanamke amezuiwa mezani kwa Bwana na samaki, sasa wiki anayofunguliwa anaagiza samaki yuleyule! Nilikwenda Mwigobero kama mtu anayekwenda kununua sumu ya mama yake. Muuza samaki, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kupasua ngoma, alinichagulia mmoja aliyekunjwa duara, mkia umechomekwa mdomoni, mweusi kwa moshi, mkubwa kama tairi la trekta. "Kijana, huyu unampelekea baba mkwe?" Nikasema nampelekea mama. "Mama?" Akaacha kucheka. "Mama yako anakulaga kamongo?" Wauzaji wenzake wote wakageuka. Nilimfunga yule samaki kwenye gunia, nikalifunga gunia kwenye karia ya baiskeli, nikaondoka bila kuaga.

Safari ya Butiama kwa baiskeli ile siisahau. Lami ilipoisha vumbi lilianza, na vumbi lilipoanza mbwa walianza. Mbwa wote wa mkoa wa Mara walipata taarifa. Walinifuata kwa zamu, wa kijiji hiki wakinikabidhi kwa wa kijiji kile, na mimi nikikanyaga pedali huku naomba gunia lianguke, lichukuliwe, na mimi nifike nikiapa kwamba nilipambana. Halikuanguka. Nilifunga kamba vizuri mno, ndiyo kazi niliyokuwa nayo mjini.

Nilimkuta mama juu ya ngazi, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni, anasiriba nyumba. Si yake. Nyumba ya Mama Mkubwa. Tangu mazishi ile nyumba ilikuwa imefungwa, na sasa mama alikuwa amechanganya udongo na samadi ya ng'ombe na majivu, anapaka kuta kwa kiganja, nusu duara baada ya nusu duara, kama magamba ya samaki. Aliniona, akashuka, akanikumbatia kwa viwiko ili asinichafue. Kisha, kabla hajaniuliza nimekula, akalinusa gunia. "Umempata!" Alifurahi kama amepewa ng'ombe. Alimtoa yule kamongo, akamgeuza, akamkagua mgongoni, akamtundika ndani ya nyumba ya Mama Mkubwa, juu ya jiko la mafiga matatu, mahali palepale Nyabise alipokuwa anawatundika wake.

Akina mama wa jumuiya walikuja mchana kusaidia. Nilikuwa nimelala nyuma ya ukuta, kivulini, miguu inauma, nikasikia wawili wakikanyaga udongo na kuongea. Mmoja akasema, "Anampakia nani nyumba, wakati mwenyewe yuko chini?" Mwenzake akajibu, "Anajipakia mwenyewe. Si amebaki peke yake? Amemngoja mwenzake afe, sasa ni vigelegele." Wa kwanza akacheka kwa pua. "Na kaburi halijaota hata nyasi. Mimi ningeona haya." Nilibaki nimelala pale, udongo wa ukuta umeniwasha mgongoni na wa kunikuna hayupo. Nilitaka kuinuka niwatukane. Sikuinuka, kwa sababu walichokisema nilikuwa nimeshakiwaza mwenyewe njiani, kati ya mbwa na mbwa. Nilikuwa nimemwona mama anacheka juu ya ngazi ya marehemu, na moyo wangu ulikuwa umeona haya kabla ya masikio.

Wiki ile mama hakukaa chini. Nimeona watu wakifanya kazi, nimeona meli zikipakuliwa na mikono mitupu, lakini sijaona mtu kama yule. Asubuhi alikuwa ameshakamua, ameshafagia uwanja mpaka ardhi inang'aa, ameshaanika udaga wa muhogo na mtama kwa ajili ya ugali wa sherehe. Mchana alitikisa kibuyu cha maziwa apate samli, huku anamsomesha baba sala. Baba alikaa kwenye kigoda akiwa amevaa shati la ubatizo, hakutaka kulivua tangu Pasaka, na alikuwa anaikariri Nasadiki kwa sauti ya kuuza mnada. Akifika katikati alikwama. "Akateswa... akateswa... Veronika, akateswa na nani huyu?" Mama bila kuacha kibuyu: "Kwa mamlaka ya Ponsyo Pilato, Mzee." Baba akatikisa kichwa. "Huyu mtu nimemsahau mara zote, na ndiye mwenye kosa." Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, jumuiya ilikaa uwanjani kusali rozari, na mama aliongoza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia, sauti ya msichana. Ilinikera. Nilitaka apunguze. Mtu aliyefiwa na mke mwenzake mwaka huohuo, niliona, angesali kwa chinichini kidogo.

Shangazi Wakuru alifika na gauni limefungwa kwenye shuka kama mtoto mgonjwa. Lilikuwa jeupe, lina mikono ya puto, limetariziwa kifuani maua ambayo yangetosha kupamba kanisa kuu. Walimvisha mama chumbani. Alitoka amesimama wima, mikono mbali na mwili, kama mtu anayeogopa kugusa moto. "Unaonaje, mwanangu?" Nikasema, "Zuri." Nikaangalia kuku. Shangazi akanipiga kofi la mgongo. "Zuri tu? Nimeshona mpaka kidole kimekuwa na matundu kama chujio, wewe unasema zuri?" Mama akacheka, akaniambia, "Jumapili utanishika mkono. Wewe ndiye utaniingiza." Nilikuwa nimepanga kukaa nyuma, karibu na mlango, kama mtu aliyepita njia akasikia wimbo. Nikamwambia Mjomba Manyama anakuja, na yeye ndiye ndugu wa kiume, ndiye mila. "Manyama alishanitoa," mama akasema. "Alinitoa mara moja nikaja hapa. Safari hii nitatolewa na mwanangu." Nikawarudia kuku kwa macho. Alisubiri, kisha akarudi chumbani kuvua gauni, akijishika mikono yake mwenyewe.

Mjomba Manyama alifika Jumamosi kutoka Bunda, kwa miguu sehemu kubwa, akiswaga mbuzi dume mwenye ndevu kunishinda. Wakati ule Mjomba alikuwa bado mwanamume wa nguvu, mcheshi, mwenye meno yote. Alimfunga mbuzi kwenye kigingi, akamtazama dada yake kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema kwa sauti uwanja mzima usikie, "Veronika, huyu mbuzi leo sirudi naye!" Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akajifuta kwa upindo wa kanga na bado anacheka. Baba, kwenye kigoda, aliinamisha kichwa akaikazania Nasadiki. Mimi nilijua tu kwamba ni mzaha wa ndugu. Nani anarudi na mbuzi wa harusi?

Jumapili asubuhi nilikuwa nimeamua kumshika mkono, kwa sababu hapakuwa na mlango wa kutokea. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa na ng'ombe naye, wanaume wameshaanza kutengeneza kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo. Mama akatoka nje. Gauni jeupe, maua kifuani, na juu ya gauni, kiunoni, amefunga kanga. Si kanga ya maana. Ilikuwa ile ya kahawia ya Mama Mkubwa, aliyokuwa akijifunga akipika, imechakaa, ina tundu la cheche ya moto upande mmoja na harufu ya moshi ambayo sabuni zote za Musoma zisingeitoa. Shangazi Wakuru alipiga ukelele kama ameibiwa. "Wifi! Gauni langu!" Mama akasema kwa upole, "Gauni linaonekana tu, wifi." Wale wawili wa udongo walikuwa pale. Sikuhitaji kuwaangalia kujua nyuso zao. Nguo ya marehemu, kiunoni, siku ya kumrithi! Nilimshika mkono mama yangu kama mtu anayeshika sangara mbichi, kwa vidole viwili, macho chini, na nikatembea naye hivyo njia yote mpaka kanisani, na kutoka mlangoni mpaka altareni, nikihesabu mapengo ya sakafu. Kwa mkono wa pili alikuwa ameushikilia upindo wa ile kanga. Nilidhani analinda gauni. Baba alikuwa mbele akisubiri, shati la Pasaka, viatu vya kuazima vinavyoangalia hiki kushoto na hiki kulia.

Kiapo kilikwenda vizuri, ingawa baba alijibu "Ndiyo" kabla ya kuulizwa. Kisha ikaja saa ya komunyo, na hapa mtu wa aljebra na mapafu ya kamongo nikasahau shule yote. Masatu, sasa mtu mzima kama mimi, alikuwa amekaa nyuma yangu, na nilisikia pumzi yake imesimama. Padri aliinua hostia. Mama akafungua mdomo, akatoa ulimi, na mimi nikausogelea ule ulimi kwa macho kama mtu anayetafuta mwiba. Hostia ikakaa. Haikuteleza. Mama akafunga mdomo, akafumba macho, na mashavu yake yakabaki hayatikisiki kwa muda mrefu, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa pomoni. Masatu akaninong'oneza sikioni, "Labda utelezi ulishaisha nguvu." Watu wakaanza kuja kupokea nyuma yake. Kwa mara ya kwanza nilimwona mama kanisani wakati ule akiwa hana sababu ya kugeuza magoti.

Laiti ingeishia pale. Tuliporudi, ngoma zikiwa zimeshapigwa na sinia zimeshatoka, bibi harusi akapotea. Shangazi akanituma kumtafuta. Nilimkuta ndani ya nyumba ya Mama Mkubwa iliyosiribwa, amekaa kwenye kigoda cha Mama Mkubwa, chungu cha Mama Mkubwa kimeepuliwa, na kwenye sahani ya bati kuna ugali na kamongo kwenye mchuzi mzito. Alikuwa ameinua gauni magotini lisichafuke. Alikuwa anakula. Alikata tonge, akachovya, akachukua kipande cha mgongo, akala taratibu, uso umekunjamana, kwa sababu ilionekana wazi hakupenda ile ladha. Akaniona mlangoni. "Njoo, Magesa. Njoo tule." Nyuma yangu wale wanawake walikuwa wamekuja kuchungulia, na nikamsikia mmoja, "Mpaka chakula chake! Hata chungu hakumwachia." Nikasema, "Nimeshiba, mama." Sikuwa nimekula kitu tangu alfajiri. Nikaurudishia mlango, nikasimama nje, mgongo kwenye udongo ambao bado ulikuwa na unyevu, watu wasiendelee kuona, na pale nikaona haya kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuona kwa ajili ya mtu yeyote. Jumatatu nikapanda baiskeli. Mbwa hawakunifuata.

Baadaye nilihitimu, nikapata kazi ya kukaa, nikaoa kanisani mapema kabisa ili watoto wangu wasipate taabu yangu. Mama alipokea kila Jumapili mpaka miguu ilipokataa, na miguu ilipokataa aliletewa nyumbani. Kila nilipokwenda kumwona aliniuliza habari za Mwigobero, kama kamongo bado wanapatikana, na mimi nikageuza maneno haraka kama mtu anayefunika chungu. Baba, nilimlaumu kimyakimya mpaka alipokufa, kwamba alishindwa kuchagua, kwamba alimweka mama kwenye benchi ujana wake wote kwa kuogopa kumwacha mke wa kwanza. Na mama, Mungu anisamehe, nilimpenda sana, nikamheshimu, nikamjengea bati, lakini kuna sehemu ndogo ndani yangu iliyobaki nje ya mlango ule, mgongo ukutani.

Yote hayo niliwasimulia wajukuu kwa mzaha, siku ile ya matanga: ulimi, hostia inayotambaa, baba asiyejua kuchagua, bibi yao aliyemngoja mwenzake mpaka akamla na samaki wake. Walicheka. Chai ikamwagika. Mjomba Manyama akavuta blanketi lake, akaomba fimbo, akanyoosha ncha yake kuelekea makaburi mawili yaliyo upande mmoja.

"Magesa," akasema. "Umesoma, lakini hapo umesema uongo. Kamongo hahusiki. Mama yako hakumlaga kamongo mpaka siku ile ya harusi. Wala baba yako hakushindwa kuchagua. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Padri wa wakati ule alimwambia baba yako abatizwe, achague mke mmoja, afunge naye ndoa, na baba yako akamchagua mama yako, kwa sababu yako. Nyabise arudi kwao ziwani. Nyabise mwenyewe alishakubali, alishafunga mzigo. Nilikuja kutoka Bunda na mbuzi wa sherehe. Mama yako ndiye aliyekataa. Padri akamwambia, basi hutapokea. Akasema sawa. Nikamwambia, dada, fikiri vizuri. Akaniambia, 'Nyabise ataenda wapi?' Basi. Nikamfungua mbuzi wangu, nikarudi naye Bunda."